Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tutajuaje kama uchangishaji wa asasi yetu ndogo umefanikiwa?

Ukurasa huu ni wa asasi ndogo, zile zenye wafanyakazi watatu au wanne, mweka hazina wa kujitolea, na akaunti moja ya benki inayosainiwa na watu watatu ambao hawapatikani siku moja. Nimekuwa mweka hazina wa asasi ya maktaba ya watoto hapa Morogoro kwa miaka saba. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wenzangu, na mengi niliwahi kuyauliza mwenyewe. Hesabu zinazoanza na "tuseme" ni za mfano, si za asasi yoyote.

Hafla yetu imechangisha milioni 18. Tumefanikiwa?

Hatujajua bado. Kwanza niambie: katika hizo milioni 18, taslimu ni ngapi na ahadi ni ngapi?

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua tofauti hii. Kadi inarudi imeandikwa laki mbili, mwenye kadi anapigiwa simu mara nne, na siku ya mwisho analeta hamsini au anazima simu. Ajabu ni kwamba kwenye kamati za harusi tuko makini, kila kikao kinaanza na "ahadi kiasi gani, taslimu kiasi gani", lakini tukifika kwenye asasi zetu tunajumlisha vyote na kutangaza kwenye kipaza sauti.

Tuseme katika milioni 18, taslimu ya usiku ule ni milioni 7 na ahadi ni milioni 11. Ukumbi, chakula, muziki na kadi vimekula milioni 5.2. Baada ya miezi mitatu, ahadi zilizolipwa ni milioni 4. Basi kilichoingia ni milioni 11, na ukitoa gharama kimebaki milioni 5.8. Hiyo ndiyo hafla yenu. Iandikeni kwa mistari minne: kilichoahidiwa, kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Mistari hiyo ijazwe mara mbili, wiki moja baada ya hafla na miezi mitatu baadaye, na bodi isipange matumizi kwa kutazama mstari wa kwanza.

Sisi tulipanga. Baada ya hafla yetu ya kwanza tuliagiza rafu za vitabu kwa mkopo kwa fundi seremala wa mtaani, tukiwa tumeshahesabu ahadi zote kuwa pesa. Fundi alisubiri miezi saba. Alikuwa na watoto wanaokuja kusoma maktabani kwetu, na kila nilipowaona nilijua baba yao anatudai.

Mstari wa ahadi una kazi nyingine pia. Katika mfano huu, milioni 4 kati ya 11 ni kama asilimia 36. Ikishuka hivyo, ulizeni nani alipewa jukumu la kufuatilia. Mara nyingi jibu ni "wote", maana yake hakuna.

Mwenyekiti wetu anataka namba moja tu. Nimpe ipi?

Mpe idadi ya waliorudi.

Chukua orodha ya watu wote waliochangia mwaka jana. Angalia ni wangapi kati yao wamechangia tena mwaka huu. Wapya wa mwaka huu usiwaguse, wana hesabu yao. Tuseme mwaka jana walikuwa 120, na 54 kati yao wamerudi. Kiwango cha kurudi ni asilimia 45.

Kwa nini hii, badala ya jumla ya pesa? Kwa sababu jumla inaeleza mwaka uliopita, wakati waliorudi wanakuonyesha mwaka ujao. Fuata watu 120 wanaorudi kwa asilimia 45 kila mwaka: mwaka wa kwanza wanabaki 54, wa pili 24, wa tatu 11. Sasa wafuate hao hao wakirudi kwa asilimia 70: 84, kisha 59, kisha 41. Baada ya miaka mitatu asasi moja ina watu 11 wa kuwapigia simu, nyingine ina 41, na zote zilianza sawa.

Usikate tamaa ukipata namba ndogo. Marekani, ambako tangu 2006 kuna mradi unaofuatilia takwimu hizi kwa maelfu ya asasi, kwa kawaida wanaorudi ni chini ya nusu, na kati ya wale waliotoa kwa mara ya kwanza anarudi takribani mmoja katika watano. Huko watu wanaombwa kwa barua na barua pepe. Sisi tunafahamiana, tunakutana msibani na sokoni, kwa hiyo naamini tunaweza kuwapita. Lakini kwanza tuhesabu.

Pesa inaingia kwa simu na jina linalosomeka ni la wakala, au la mtoto wake. Nitajuaje nani karudi?

Hapa ndipo hesabu nyingi za kwetu zinapokwama, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Mtu mmoja ana laini ya Voda na laini ya Yas, ile iliyokuwa Tigo. Mwezi huu anatuma kwa hii, mwezi ujao kwa ile. Laini moja imesajiliwa kwa jina la mdogo wake. Akiwa hana salio anampa wakala taslimu, na ujumbe unakuja na jina la wakala. Ukiandika daftari kwa kufuata majina ya ujumbe tu, mchangiaji mmoja mwaminifu anakuwa wageni wanne, na hesabu yako ya waliorudi inakuwa ya uongo.

Tulichofanya sisi ni hiki. Kila mtu ana mstari mmoja kwenye daftari, na mstari huo una nafasi ya namba za simu hata nne. Pesa ikiingia kutoka namba tusiyoijua, siku hiyo hiyo tunatuma ujumbe: "Tumepokea shilingi elfu ishirini, ahsante sana. Tuandike jina gani kwenye risiti?" Wengi wanajibu. Wapo wanaosema "andika msamaria mwema", na hao tunawaandika hivyo hivyo pamoja na namba, maana msamaria mwema naye anaweza kurudi.

Vikundi ni jambo lingine. Kikoba kikichanga laki tatu na mweka hazina wao akazituma, huyo si mchangiaji mmoja mkubwa. Kiandikeni kama kikundi, na idadi ya wanachama pembeni. Jumuiya za kanisa na vikundi vya akina mama wa msikitini viandikwe vivyo hivyo.

Tumieni lipa namba ya asasi. Pesa ya asasi kupita kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, inamweka pabaya siku akiugua au simu ikipotea.

Na jambo moja la kisheria: tumezoea kubandika orodha ya waliochanga kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Muulize mtu kabla ya kumtangaza. Wapo wanaotoa kidogo wakaona aibu, na wapo wanaotoa kingi wakaogopa foleni ya waombaji mlangoni.

Makato ya simu na ya benki tuyaandike wapi?

Kwenye gharama. Andika alichotuma mchangiaji kwenye safu moja na kilichofika mkononi kwenye safu nyingine. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza nchini Julai 2021, kisha ikapunguzwa Septemba mwaka huo huo, waliokuwa na safu mbili waliona wazi nini kimesababishwa na tozo na nini kimesababishwa na watu kupungua. Wengine tulibaki kubishana.

Kwa wachangiaji walio nje ya nchi, andika kiasi kwa fedha yao na kwa shilingi ya siku ilipoingia. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha kabla ya mwaka kwisha ikashuka hadi takribani 2,400. Ndugu anayetuma dola 100 kila mwezi kutoka Minnesota hakupunguza chochote, ingawa kwenye daftari la shilingi alionekana amepunguza.

Gharama za kuchangisha zisizidi asilimia ngapi?

Gawanya ulichotumia kuchangisha kwa ulichopata. Marekani chombo kimoja kinachopima asasi, BBB Wise Giving Alliance, kinataka isizidi asilimia 35. Lakini mwaka 2013 chombo hicho hicho, pamoja na vingine viwili vya aina hiyo, Charity Navigator na GuideStar, kiliandika barua ya wazi kwa wachangiaji kikiwaomba wasiipime asasi kwa gharama za uendeshaji peke yake. Waliona asasi zinavyoficha mishahara ya wahasibu na kukaa bila kompyuta ili asilimia ionekane nzuri.

Nakubaliana nao. Kinachosaidia zaidi ni kupima kila njia peke yake. Hafla ya mfano wetu ilitumia 5.2 kupata 11, karibu asilimia 47. Tuseme kampeni ya kupiga simu na kutuma ujumbe ilitumia laki 3 ikaleta milioni 3: asilimia 10. Hapo bodi ina la kuzungumza. Si lazima hafla ifutwe, kwani pengine wale waliopigiwa simu walitufahamu kupitia hafla. Basi kwenye daftari ongeza safu ya "alitujua kupitia nini", ndipo mtajua.

Ombi langu kwa viongozi: muda wa mfanyakazi ni gharama. Dada wa ofisini akitumia wiki tatu kuzunguka na kadi, mshahara wake wa wiki tatu uingie kwenye hesabu ya hafla. Bila hivyo tunajidanganya, na tunamchosha yeye.

Tuliandika maandiko kumi ya ruzuku, tukapata mawili. Ni vibaya?

Si vibaya. Ila kupata mawili kati ya kumi hakuelezi mengi mpaka ujue siku mlizotumia. Andiko la kurasa 40 lenye viambatisho kumi na mbili linaweza kula wiki nne za watu wawili. Kwa kila andiko andika: siku za kazi, kiasi kilichoombwa, kiasi kilichopatikana, na sababu ya kukataliwa kama ilitolewa. Baada ya mwaka utaona aina ya wito, yaani tangazo la mfadhili la kuomba maandiko, ambao hampaswi kuugusa tena. Sisi tuligundua kwamba tulikuwa tunapata zaidi kwa wafadhili wa ndani ambao afisa wao alikwisha kutembelea maktaba, na karibu hatupati kitu kwa miito ya mtandaoni iliyo wazi kwa Afrika nzima. Tukaacha kuifuata. Tulirudisha wiki nyingi kwa watoto.

Tenganisheni pia ruzuku ya mradi na pesa huru, yaani ile isiyofungwa na mradi wowote. Ruzuku ya milioni 40 ya mafunzo ya walimu haiwezi kulipa kodi ya pango wala umeme, ila pale mkataba unaporuhusu. Nimeona asasi yenye milioni 60 benki ikikatiwa umeme, na hakuna aliyeiba hata senti. Kwenye taarifa ya bodi, pesa huru iwe na mstari wake.

Mfadhili mmoja anatupa zaidi ya nusu ya bajeti. Hayo ni mafanikio?

Ni neema, na ni hatari inayopaswa kupimwa. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Miradi mingi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ilisimama ndani ya siku chache, na tarehe 1 Julai mwaka huo shughuli zake zilizobaki zilikabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Walioumia Afrika Mashariki si wale waliokuwa na mkataba wa moja kwa moja tu. Asasi ndogo nyingi hupata fedha kupitia shirika kubwa ambalo nalo limepewa na mwingine.

Kwa hiyo pimeni vitu viwili. Kwanza, mfadhili mkubwa kuliko wote ana asilimia ngapi ya mapato, na hapo ulizeni chanzo cha chanzo: kama mashirika mawili yanayowafadhili yote yanakunywa kisima kimoja, yahesabuni kama moja. Pili, pesa huru mliyo nayo leo itawabeba miezi mingapi kama huyo akiondoka kesho. Gawanya pesa huru kwa matumizi ya lazima ya mwezi. Sisi tulianza na siku kumi na nane. Ilituchukua miaka mitatu kufika miezi miwili na nusu, na kila mwezi ulioongezeka nilifurahi kuliko nilivyofurahia hafla yoyote.

Vitabu na saruji tunavyopewa tuvihesabuje?

Kwenye orodha ya peke yake, kwa bei ya dukani ya siku hiyo, bila kuvijumlisha na fedha. Andika vilivyotumika tu. Katoni za vitabu ambavyo watoto hawavisomi ni mzigo wa stoo.

Wastani wa mchango wetu umepanda sana. Tushangilie?

Tazama kwanza mchango wa katikati. Tuseme watu tisa wametoa elfu kumi kila mmoja na mmoja katoa milioni. Wastani ni 109,000, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyetoa kiasi hicho. Panga michango kuanzia mdogo hadi mkubwa, chukua ule wa katikati: elfu kumi. Hicho ndicho kiasi cha kumwomba mtu mpya bila kumtisha.

Tulinganishe mwezi na mwezi?

Linganisheni msimu na msimu. Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 ilianza karibu tarehe 11 Machi, mwaka 2025 karibu tarehe mosi Machi. Asasi inayopata sadaka nyingi mwezi huo ikilinganisha Machi na Machi itaona ama muujiza au msiba ambao haupo. Januari ni ada na sare za shule, usimlaumu mtu. Na kwa walio vijijini, mavuno ndiyo kalenda: mkulima wa mpunga Kilombero hana fedha Februari.

Mkipokea zaka, itengwe na sadaka tangu siku ya kwanza. Zaka ina makundi manane ya wanaostahiki kwa mujibu wa Qurani, na anayetoa anataka kujua imefika huko. Rafu na rangi ya ukuta zitafutiwe fungu lingine.

Wafuasi wetu mtandaoni wameongezeka maradufu. Hiyo ni dalili?

Si ya uchangishaji. Hesabu waliotoka kwenye ukurasa wenu wakafika kwenye lipa namba. Kampeni mbili zikitumia njia tofauti za kulipia, au neno tofauti la kumbukumbu, jibu linapatikana.

Shukrani nazo zinapimika?

Zinapimika, na kwangu hiki ndicho kipimo ambacho asasi ndogo inaweza kukibadilisha wiki hii bila shilingi moja. Hesabu siku tangu pesa iingie hadi mtu aliyetoa ashukuriwe na mtu, kwa jina. Ujumbe wa mashine wa mtandao wa simu hauhesabiki.

Tulipoanza kuhesabu, kwetu zilikuwa siku 23. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akituma elfu tano kila mwisho wa mwezi. Aliacha. Hatukugundua kwa miezi mitano, kwa sababu elfu tano haikubadilisha jumla. Nilipompigia, alisema alidhani namba imebadilishwa na pesa zake zinakwenda kwa mtu asiyemjua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia zimefika. Nilimwomba radhi kwa moyo wote. Sasa lengo letu ni siku mbili, na kila Jumatatu mtu mmoja anakaa na daftari na simu kwa saa moja.

Bodi ione nini, na mara ngapi?

Ukurasa mmoja kila robo mwaka: kilichoingia baada ya makato, gharama kwa kila njia, waliorudi, wapya, pesa huru, miezi ambayo pesa huru itawabeba, sehemu ya mfadhili mkubwa, na siku za shukrani. Kila namba iwe na ya mwaka jana pembeni. Namba hizo zikubaliane na vitabu vya hesabu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inataka taarifa ya shughuli na ya ukaguzi kila mwaka, na walio Kenya wana sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Mkaguzi akikuta daftari la michango linasema milioni 31 na vitabu vinasema 28, hata kama tofauti ni ahadi tu, mtatumia mwezi mzima kuieleza.

Hatuna kumbukumbu zozote za nyuma. Tuanzie wapi?

Ombeni taarifa ya miamala ya miezi 24 kutoka benki na kwa mtandao wa simu. Tafuteni Jumamosi moja, watu wawili, chai na daftari la kaunta au Excel, chochote mlichozoea. Mmoja asome, mwingine aandike: tarehe, namba, jina, kiasi. Namba zinazojirudia ziwekwe kwenye mstari mmoja. Jioni mtakuwa na orodha ya waliotoa mwaka juzi wasionekane mwaka jana. Wapigieni watano kwa siku. Msiombe mchango kwenye simu hiyo. Waulizeni kama waliwahi kupata risiti, na kama hawakupata, waandikieni wakati wangali kwenye simu.